Jasho la Baba

Nilipokuwa mtoto, koti la baba halikuwa la baba peke yake. Lilikuwa koti zito la kaki, la askari, ambalo alilinunua kuukuu sokoni Thika kabla sijazaliwa. Asubuhi lilikwenda kazini mgongoni mwake, mchana lilirudi nyumbani, na kuanzia hapo likawa mali ya nyumba nzima. Mama alinifunika nalo nikiwa na homa. Mvua ikishuka ghafla nililitupia kichwani nikakimbia kuanua nguo, pindo likiburuta matopeni. Hadi leo mtu akinitajia utoto wangu, kinachonijia kwanza ni lile koti, na nalichukia kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa kwa mikono yangu.

Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja, upande wa Mugutha. Mzungu huyo alikuwa na upara unaong'aa, na wafanyakazi walimwita Kihara, yaani Bwana Upara, jina ambalo nadhani aliondoka nchini bila kulijua. Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya Hali ya Hatari, ya vita vya Mau Mau, wakati mtu hakuweza kutoka hapa hadi pale bila pasi mkononi. Dunia yetu ilikuwa kambi, kahawa, mto, na mara moja moja maduka ya Ruiru, mama alipokwenda kununua chumvi na sabuni.

Kazi ya baba ilikuwa kupiga dawa. Kahawa ilisumbuliwa na mdudu mmoja wa madoadoa, kunguni wa kahawa, anayenyonya tunda likaoza ndani, na Kihara alimchukia mdudu huyo kama mtu anavyomchukia mwizi. Wapiga dawa waliamka alfajiri, wakajaza bomba, wakalibeba mgongoni, wakaingia kati ya mistari ya kahawa wakipampu kwa mkono mmoja na kunyunyiza kwa mwingine. Walitoka saa saba au saa nane, jua likiwa limekuwa kali. Sisi watoto tuliwaonea fahari. Kulikuwa na baba waliolima na baba waliopogoa, lakini wa kwetu alikuwa na chombo cha chuma mgongoni kilichonguruma kama paka.

Mwaka ninaousimulia ililetwa dawa mpya, katika madebe yaliyochorwa fuvu la kichwa. Nyapara aliwakusanya wapiga dawa akawaambia wasile wala wasivute sigara wakiwa kazini, akaishia hapo. Habari za nguo hakuzigusa. Nguo ilikuwa shauri la mtu mwenyewe, na baba alikuwa na koti lake. Bomba alilopewa lilikuwa likivuja chini, kwenye kiungo cha mpira, kwa hiyo kila siku alirudi mgongo wa koti umelowa. Hakuna aliyejiuliza kilicholowesha ni nini. Mwanamume aliyebeba mzigo juani tangu alfajiri atarudi amelowa nini kama si jasho?

Mwaka huohuo ndipo mama alipojifungua mtoto wa kiume. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo sana, hata mkunga wa pale kambini alimshika kwa uangalifu wa mtu aliyeokota yai. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, na huyu akaitwa Kamau. Mimi, binti wa kwanza, nilikuwa nimekwisha kuitwa Nyambura kwa jina la mama yake baba. Tulikuwa sasa kamili, Nyambura na Kamau, bibi na babu wamerudi tena ndani ya chumba kimoja cha bati.

Cucu, yaani huyo bibi yangu, alifanya vita mpaka akapata pasi ya kutoka Gatundu kuja kumwona. Alifika na kikapu cha maharagwe ya njahi na mdomo uliojaa maneno. Alimchukua Kamau, akamgeuzageuza, akamtazama masikio, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe ulikuwa unajificha huku, mume wangu," alimwambia. "Umeniacha mjane miaka hii yote, sasa umerudi ukiwa mdogo ndio nikupikie uji?"

Ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wenye majina ya waume zao. Lakini kwa Cucu haukuwa utani mtupu. Babu alikufa baba akiwa bado mchanga, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mtu Kamau nyumbani kwake. Nilimwona akiyatazama macho yale madogo ya mtoto, akitafuta humo mtu anayemjua. Kuishi kwa Kamau lilikuwa jambo la watu watatu wakubwa, kila mmoja kwa sababu zake, na sijui ni nani kati yao alimtaka zaidi.

Jioni hiyo Cucu alitoa agizo lake. Baba alikuwa ametundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango. Cucu akaliondoa, akalinusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamfunga Kamau ndani yake, sehemu ya mgongoni ikiwa upande wa ngozi ya mtoto.

"Sikia, mke wa mwanangu," akasema. "Mtoto kama huyu bado mguu moja iko kule kwa watu wa zamani. Hajaamua kukaa. Jasho ya baba yake ndiyo kamba ya kumfunga hapa. Kila siku akitoka kazi, mtoto aingie ndani ya koti. Na koti hii isifuliwe."

"Na ikifuliwa?" mama akauliza.

"Jasho ikienda na maji, mtoto ataifuata."

Baba alicheka kidogo akatazama chini. Alikuwa amesikia habari hizo tangu utotoni, kwa maana yeye mwenyewe alilelewa ndani ya ngozi ya mbuzi aliyoivaa babu, ngozi ambayo haikuguswa na maji mpaka alipoanza kutambaa. Na alikuwa mzima, mrefu, mwenye meno yote. Ungemwambia nini mtu wa namna hiyo?

Sitaki msomaji amcheke Cucu. Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimeona watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati, na najua kwamba mtoto aliyefungwa kwenye ngozi nzito yenye joto la baba yake ana nafasi nzuri kuliko aliyelazwa kitandani na baridi. Cucu alijua kitu. Alilea watoto wake kwa kitu hicho wakakua. Jasho alilolijua yeye lilikuwa jasho la mtu aliyelima mtama.

Mama alikuwa mtu wa kanisa, wa wale walioingia dini wakiwa wasichana na kuingia pamoja na sabuni. Cucu alimwita mtu wa sabuni, mbele yake na nyuma yake, bila uovu mwingi. Mama alifua mpaka kamba ya kuanikia. Koti lile lilimkera tangu mwanzo, na lilipoanza kurudi na harufu ya dawa mpya, harufu kama ya vitunguu saumu vilivyooza, lilimkera zaidi. Siku ya kwanza nilimsikia akimwambia baba mlangoni, kwa sauti ya chini, "Hii koti inanuka vibaya. Mtoto anavuta hii harufu." Baba akamjibu, "Ni harufu ya kazi. Wewe mwachie mama, ni siku chache." Mama akamwachia. Alikuwa mkamwana mwenye adabu, na isitoshe, mtoto wake alikuwa mdogo kama alivyokuwa, na mtu aliye katika hofu hapendi kukataa msaada unaotolewa kwa uhakika mkubwa hivyo.

Kamau alianza kuumwa wiki hiyohiyo. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni asubuhi, mama akienda kuchuma kahawa, kwa hiyo nilimjua vizuri. Asubuhi alikuwa mnyonge lakini yupo, ananyonya, analia kidogo. Baba akirudi, akiingizwa ndani ya koti, kabla jua halijatua alianza kubadilika. Mate yalimtoka bila kukoma, yakalowesha kidevu na shingo. Aliharisha maji. Ngozi chini ya macho yake ilitetemeka yenyewe, polepole, kama maji yanayoguswa na upepo. Na macho yenyewe! Mboni zilisinyaa zikawa vitone vidogo kabisa, hata kwenye giza la chumba chetu, ambapo macho yetu sote yalikuwa yamepanuka. Nilimwonyesha Cucu.

"Anatazama mbali," Cucu akasema. "Wanamwita. Funga hiyo koti vizuri."

Basi likafungwa vizuri zaidi. Sasa ukae ufikirie jinsi mambo yalivyojipanga. Mtoto huumwa jioni na kupata nafuu asubuhi. Kwa Cucu hilo lilithibitisha kila kitu, kwa sababu kila mtu anajua wale wa zamani huja giza linapoingia na kuondoka kunapopambazuka. Kadiri alivyozidi kuumwa ndivyo alivyohitaji koti zaidi. Kadiri alivyokaa kwenye koti ndivyo alivyozidi kuumwa. Hapakuwa na mahali pa mtu kuingiza kidole na kusema ngojeni kwanza.

Baba naye hakuwa mzima. Alilalamika kichwa, kifua kumbana, macho kuona ukungu. Wapiga dawa wenzake walikuwa vivyo hivyo. Wakasema ni jua. Mmoja alianguka kati ya mistari akitokwa povu, wakambeba mpaka kivulini, wakamnywesha maziwa, akaamka, kesho yake akarudi kazini. Ndege walianguka kwenye kahawa, na nyapara alitukataza kuwaokota. Nikiangalia nyuma naona kwamba tulikuwa tumeambiwa kwa kila lugha isipokuwa ile tuliyoielewa, na hasira inayonipanda haina mtu wa kumwendea. Kihara alikuwa na vijitabu vya maelezo vilivyokuja na yale madebe. Hakuna aliyemsomea baba hata ukurasa mmoja.

Jumamosi moja Cucu alikwenda kumsalimu dada yake aliyekuwa anaumwa, kwenye shamba jingine upande wa Ruiru, akasema atarudi Jumapili jioni. Hakuwa amefika mbali mama alipolitoa koti kwenye msumari. Baba hakuwa amekwenda kazini, alikuwa amelala, kichwa kikimuuma. Mama aliniambia nimchukue Kamau, tukashuka mtoni, na pale akalifua koti lile kwa mche mzima wa sabuni. Alilisugua kwenye jiwe, akalikamua, akalisugua tena. Povu lilitoka la manjano. Nakumbuka jinsi alivyolifua, meno yakiwa yameumana, bila kuimba, na mama hakuwahi kufua bila kuimba.

"Cucu atakasirika," nikamwambia.

"Akasirike," akasema. "Mimi ndiye mama yake."

Koti zito la namna ile halikauki upesi. Lilikaa kwenye waya Jumamosi yote na Jumapili yote, na Kamau akafungwa kwenye blanketi la mama. Jumamosi jioni hakutokwa na mate. Jumapili asubuhi alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Mchana alifumbua macho akanitazama, mboni kubwa nyeusi kama za mtoto yeyote, akanishika kidole kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Mama alikwenda kanisani akarudi akiimba. Alimwonyesha baba mtoto, baba akamchukua, akacheka, akamwita mzee. Nimeishi miaka mingi na sijawahi kuiona nyumba yetu ikiwa na furaha kuliko Jumapili ile.

Cucu alirudi jioni. Akamsalimu kila mtu, akaketi, kisha akanyoosha mkono kulitwaa koti kwenye waya, akalinusa. Akalinusa tena.

"Nani amefua hii?"

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Ni mimi, maitu," mama akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Na mwangalie mtoto. Amepona."

"Amepona!" Cucu akamtazama Kamau, na uso wake ukaanguka. "Hujui vile mtu akifunguliwa kamba anafurahi? Hata mbuzi ukiifungua inaruka. Halafu inaenda. Ngai, Mungu wangu, wewe msichana, umemfungua."

Mama alilia. Alijaribu kueleza harufu, alijaribu kumtaja Mungu, akakosa maneno, kwa sababu alikuwa na jambo moja tu la kuonyesha, mtoto mwenye nafuu, na jambo hilohilo lilikuwa limegeuzwa likawa shahidi dhidi yake. Baba alisimama katikati yao. Kwa upande mmoja mke wake, kwa upande mwingine mama aliyemlea peke yake. Mwishowe akasema neno ambalo aliliona kuwa la amani.

"Kama jasho imetoka, nitairudisha. Kesho."

Kesho yake Jumatatu alilivaa koti safi akaenda kazini. Mwenzake alitusimulia baadaye jinsi alivyofanya kazi siku ile. Alimwomba nyapara ampe mistari yake na ya yule aliyekuwa ameanguka. Alikataa kunywa maji. Wengine walipotoka juani yeye aliendelea, akijaza bomba lile linalovuja na kulirudisha mgongoni, akikimbia kati ya miti ya kahawa ili jasho limtoke. Walidhani amepagawa. Wakamuuliza anamfanyia nani kazi ya namna hiyo, akawaambia, "Namfanyia kijana yangu."

Alirudi karibu saa kumi. Koti lilikuwa limelowa kuanzia mabegani hadi chini ya kiuno, maji yakidondoka. Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka, akitokwa na mate akiyafuta kwa mkono, lakini anatabasamu. Cucu alipoligusa koti alisema kwa sauti ya kushukuru, "Hii ndiyo jasho ya mwanaume." Baba hakumpa mtu mwingine. Alimchukua Kamau mwenyewe, akamvua blanketi, akamfunga kwenye mgongo wa koti, mara moja, mara mbili, akamfunika mpaka masikioni, akakaa naye kwenye mlango akimsemesha.

Mama alikuwa kwenye meko akiwa ametupa mgongo. Hakugeuka.

Jua halikuwa limetua baba alipoacha kusemesha. Nilikuwa nimeketi karibu na miguu yake nikiondoa mawe kwenye mchele, nikasikia ukimya, nikainua kichwa. Pumzi ya Kamau ilikuwa ya majimaji, kama mtu anayenyonya uji wa mwisho kwenye kibuyu. Kisha haikuwepo. Baba alimtikisa kidogo, akasema, "Mzee? We mzee?" Mama akaja mbio kutoka mekoni, akamvuta mtoto kutoka ndani ya koti, akampulizia mdomoni, akampigapiga mgongoni. Cucu alipiga magoti pale pale vumbini. Alilia kilio cha mjane, kile chenye maneno, akimuuliza mume wake kwa nini amemwacha mara mbili.

Baada ya kilio alisema neno moja tu, wala hakulirudia tena maishani mwake. "Nilisema." Hakuhitaji kulirudia. Kambi nzima ilikuwa imesikia, na kutoka kambini lilisafiri hadi Gatundu.

Tukamzika pembeni mwa shamba la Kihara, mahali walipozikwa watoto wa kambi, pasipo na alama. Wanawake walimfariji mama kwa midomo, na wakitoka pale wakatazamana. Yule ndiye aliyefua. Onyo lilikuwa limetolewa wazi, mbele ya watu, na lilikuwa limetimia siku iliyofuata. Hata mimi niliamini. Ningeachaje kuamini? Nilikuwa pale mtoni, niliona povu likienda na maji.

Baada ya Kamau mama alizaa wasichana wawili, Wanjiku na Wairimu, kisha akaacha kuzaa. Jina la babu halikupata mtu wa kulibeba. Kila sherehe ya ukoo kulikuwa na shangazi wa kulikumbusha hilo, kwa kuzunguka, akisifu wavulana wa wengine. Mama aliendelea kwenda kanisani na aliendelea kufua. Cucu alipozeeka ni mama aliyemwosha na kumlisha mpaka akafa, na sikuwahi kusikia hata siku moja kwamba aliambiwa asante. Baba aliacha bomba mikono ilipoanza kutetemeka hata asipokuwa kazini. Baada ya uhuru alipata kipande cha shamba kule Ngoliba, kwenye ukame, wakahamia huko.

Mimi nilisomea uuguzi. Nikiwa bado mwanafunzi, aliletwa mtu kutoka shamba la kahawa, amebebwa kwenye gunia. Mate yalikuwa yakimtoka, nyama za uso zinaruka, nilipomwangalia macho nikaona vile vitone. Nilisimama nikiwa nimeshika taa, nimeganda. Daktari alipita akanisukuma.

"Mvue nguo!" akasema. "Kabla ya sindano, kabla ya kitu chochote, mvue nguo zote umwoshe kwa sabuni. Sumu iko kwenye nguo. Inapita kwenye ngozi."

Nilimvua. Nilimwosha. Mikono yangu ilifanya kazi, na mtu yule alipona, akaenda nyumbani kwa watoto wake. Mimi nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi za wadi nikalia mpaka muuguzi mkuu akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Sikuweza kumjibu kwamba nimefiwa zamani, na ndiyo kwanza nimeambiwa.

Nilikwenda Ngoliba siku ya mapumziko iliyofuata. Njia nzima nilikuwa kama mtu anayepeleka habari njema. Nilijua nitakachosema. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba akichambua kunde, baba akiwa shambani kwa mbali, na nikamweleza yote bila kupumua: dawa, bomba, ngozi, sabuni. "Mama, ulifanya sawa. Kufua ndiko kulimpa nafuu. Hukumuua. Haukuwa wewe hata kidogo."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake iliacha kunde. Nilimngojea alie au acheke. Akauliza, "Kwa hivyo ile Jumatatu, hiyo sumu ilikuwa kwenye koti?"

"Ndiyo, mama."

"Ile aliendea mwenyewe. Ile alikimbia kuitafuta."

Nilikuwa nimeyafikiria mambo yote njiani isipokuwa hilo. Mama alitazama kule shambani, ambako baba alikuwa akipalilia kwa jembe linalotetemeka mkononi, akisimama kila mara kupumua.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie." Akazirudia kunde zake. "Yeye hawezi kuibeba hii. Mimi nimeshaizoea. Wacha ibaki ni mimi nilifua."

Nilimbishia. Nilimwambia kuhusu mashangazi, kuhusu Cucu, kuhusu miaka yote ile ya kutazamwa. Nilimwambia si haki. Akasema anajua si haki, kisha akaniuliza kama nitakula kabla ya kuondoka. Na tangu siku hiyo hatukulizungumza tena, ingawa wakati mwingine, baba akiwa amelala kwenye kiti chake, nilimwona mama akimwangalia kwa namna ambayo ilinifanya nitoke nje.

Mama alitangulia kufa. Tulimzika Ngoliba, watu wakawa wengi, wa kanisa na wa ukoo kutoka Gatundu. Wasemaji walipokwisha, baba aliomba kusema. Tulimshika mikono tukamsimamisha.

"Mimi sina maneno mingi," akasema. "Tumekaa na mama Nyambura miaka mingi, hajanikosea ila mara moja. Kulikuwa na ile jambo ya kijana. Watu wa kwetu mnaijua. Mimi nilimsamehe kitambo. Nasema hivyo mbele yenu leo ili aende akiwa hana deni."

Watu wakasema amina. Mchungaji akasema huo ni mfano wa ndoa ya Kikristo. Mashangazi walifuta machozi wakimsifu baba kwa moyo wake mkubwa. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto, nikausikia ukitetemeka ndani ya wangu, na nilikuwa na maneno tayari mdomoni, machache, ambayo yangetosha kumwinua mama kutoka pale chini alipowekwa. Nikamrudisha baba kwenye kiti chake, nikamwekea bakora karibu.

Naye sasa amekufa, na mashangazi wote wamekufa. Hakuna tena wa kulindwa. Hakuna pia aliyebaki wa kumwomba mama radhi, na vijana wa ukoo wetu, ambao hawakumwona, wamerithi habari ile kama ilivyokuwa: kwamba palikuwa na mke wa sabuni aliyeonywa akapuuza, na mtoto akafa. Nimewahi kujaribu kuwaeleza. Wananisikiliza kwa adabu, halafu wanaona kwamba ni binti anayemtetea mama yake. Katika maisha yake yote Kamau alikuwa mzima Jumamosi jioni moja na Jumapili moja, na hizo alipewa na mama yetu kule mtoni, na ndizo tunazoambiwa kuwa zilimuua.